Upande wa Kulia wa Susu

Binti yangu Ndanu anasomea sanaa. Ukiniuliza sanaa ni kazi gani, nenda ukamuulize yeye, mimi nasuka. Nasuka Kenyatta Market, kibanda cha karibu na wachoma nyama, na wateja wangu hurudi nyumbani wakinuka mbuzi lakini vichwa vimependeza. Nywele nazijua. Hii ya kuchora mwili wa mtu ndiyo iliyonishinda, na nilimwambia hivyo siku alipokuja kibandani akitabasamu peke yake.

"Mami, nimepata wazo la kazi yangu ya mwisho. Nitachora mwilini."

"Mwilini mwa nani?"

"Mwangu."

Nasimiyu, mwenzangu tunayeshirikiana kibanda, aliangua kicheko mpaka kitana kikamdondoka. "Haiya! Mama Ndanu, miaka yote hiyo chuoni, kumbe mtoto anasomea kujipaka!"

Hata mteja niliyemshika kichwa alicheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu ziko karibu, hilo halina siri pale sokoni. Nilimuuliza Ndanu kama kuna mahali duniani mtu huandikwa kazi kwa sababu amejichora tumbo. Akanijibu polepole, vile hunijibu akijua hasira zimenipanda, kwamba mwalimu wao Lenox amewakataza kuchukua mawazo kwenye simu. Kila mmoja atoe kitu cha kwao nyumbani.

"Na kwetu nyumbani kuna nini? Kuna masufuria na kelele za jirani."

"Kuna Susu," akasema.

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Susu Kavindu ni mama yangu mzazi. Nilikuwa nimemtoa Mwingi mwaka uliotangulia, moyo wake ulipopanuka na miguu ikaanza kuvimba, nikamleta kwangu Kawangware ili awe karibu na daktari wa Hurlingham. Alilala chumba kimoja na Ndanu, kitanda kimoja. Na Ndanu alikuwa wake kuliko alivyokuwa wangu, maana nilimpa jina la mdogo wake Susu, aliyekufa akiwa msichana. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, basi ndiye mtu huyo. Mama alikuwa akimwita Ndanu "dada". Unasikia ajuza wa miaka themanini na kitu anaita, "Dada, niletee chai," na msichana aliyetoboa pua anaitika. Tulikuwa tumezoea. Kuhusu yule Ndanu wa kwanza tulijua tu kwamba aliugua.

Sasa, Susu alikuwa na chale. Mimi nilijua kwa kusikia, sikuwahi kuziona. Mama alikuwa mtu wa kanisa, wa kamisi ndefu na blauzi ya kufunga mpaka kooni, na alikuwa akioga amefunga mlango kwa komeo hata tulipokuwa watoto wadogo. Ndanu ndiye aliyeziona, tena kidogo tu. Usiku mmoja wa joto kamisi ilipanda Susu akiwa amelala, akaona mwisho wa safu ya vinundu vidogo kando ya kitovu. Tangu hapo mtoto hakutulia.

"Susu, nionyeshe."

"Hayo yalibaki mtoni nilipobatizwa."

"Susu, mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa saba," Susu akamwambia. "Wewe uliyetembea kitovu wazi juzi, umezaa wangapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini Ndanu hakuacha. Kwa wiki nzima alimkanda miguu, akamsomea Zaburi, akamtafutia kunde laini, na kila akimaliza anauliza. Mama akawa mkali. Akamwambia akiuliza tena atahamia kulala sebuleni kwenye kochi. Nami nikamwambia Ndanu amheshimu mkubwa, kama mtu amesema hataki, hataki.

Basi mtoto akafanya ujinga wake. Jumamosi moja alijifungia chumbani na wanja wa nyusi, akajichora tumbo zima kwa picha alizozitoa kwenye simu, zile zile walizokatazwa. Akatoka na blauzi imekunjwa juu, akasimama mbele ya Susu. Kulikuwa na mizunguko, kulikuwa na mishale, na mahali fulani kulikuwa na kitu chenye mkia.

Mama alivaa miwani. Akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikafikiri ni moyo, kumbe ni kicheko.

"Dada, umewekwa mjusi! Nani amekufanya hivi? Hii ni ya mtu wa wapi?" Akalilamba dole gumba, akaanza kumfuta tumbo vile unavyomfuta mtoto uji mdomoni. "Toa. Toa huu uchafu. Haikuwa hivi. Hata kidogo haikuwa hivi."

"Ilikuwaje sasa?" Ndanu akauliza.

Nje kuna mtu alikuwa akiuza samaki kwa kipaza sauti. Mama akajifuta dole gumba kwenye kamisi yake.

"Leta kitu kisichotoka upesi," akasema.

Ndanu alinikimbilia kibandani achukue piko niliyokuwa nikiwapakia wateja wenye mvi. Bahati nzuri alikuwa na rafiki yake wa chuoni, Jasleen, msichana wa Kalasinga kutoka Ngara, na Jasleen akampigia kelele. "Wewe, hiyo ni rangi ya nywele! Itakuchubua!" Akamletea hina ya kwao, iliyokorogwa na nyanya yake, imefungwa kwenye mfuko wa maziwa. Ilinuka majani na ndimu.

Jumapili baada ya kanisa Susu alikaa kwenye kiti cha dirishani, Ndanu akasimama katikati ya magoti yake na blauzi juu. Susu alikataa brashi. Aliomba kijiti cha kiberiti. Akasema mambo mawili: hakuna simu ya kupiga picha, na Mwongeli asitazame. Mwongeli ni mimi. Nikageuka nikaendelea kuchambua maharagwe, na kwa sababu mimi si malaika, nikatazama kwenye kioo cha kabati. Kutoka pale niliona mgongo wa Ndanu tu na kiwiko cha mama kikienda na kurudi.

Alichora kwa muda mrefu. Aliweka nukta moja moja, akipima nafasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepanda mahindi. Alianza chini ya ziwa la kushoto, akashuka. Ndanu, mtoto anayeongea hata akipiga mswaki, alishikilia blauzi yake kwa mikono miwili. Kisha kijiti kikasimama.

"Na huku, Susu?" Ndanu akashika upande wake wa kulia.

"Huko kesho."

"Hina bado ipo nyingi, na sichoki kusimama."

"Nimesema kesho, dada." Akajiegemeza kitini, akafumba macho. Nikaingilia kati, nikamwambia Ndanu amuache mgonjwa apumzike, kazi zake za chuo zisije zikaniulia mama.

Hina ilipokauka na kubanduliwa ilibaki safu tatu za nukta za kahawia, zikipinda kutoka kifuani mpaka kitovuni. Nisiwe mwongo, zilikuwa nzuri. Mimi nimegawa nywele za vichwa vya watu maisha yangu yote na sijawahi kupiga mstari uliokaa vile.

Kesho yake Susu alisema macho yanauma. Siku iliyofuata alisema hajisikii. Ndanu alikaa na ule mfuko wa hina mkononi na blauzi ikiwa tayari nusu juu, na Susu akageukia ukutani akajifunika shuka mpaka kichwani. Mwisho wa wiki miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, tukamlaza hospitalini. Aliniambia nisiache kazi, niende, wateja hawangoji. Nikaenda. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha msichana wa benki simu ilipolia. Nilimwacha pale na nusu kichwa, Nasimiyu akakimalizia, mimi nikashuka barabara ya hospitali nikilia kwa sauti watu wakinipisha.

Mama yangu alikufa. Nimelisema neno hilo mara nyingi tangu siku ile na halijazoeleka. Nikifika nyumbani bado nasema hodi.

Ndanu hakulia mbele za watu. Alijipa kazi. Alishuka River Road akachapisha picha za matangazo ya mazishi, akapokea wageni, akapika. Jioni moja tukiwa jikoni, mimi nakaanga vitunguu, akasema bila kunitazama, "Mami, kesho ukienda kumvalisha, angalia upande wa kulia. Uangalie tu, ukumbuke. Alisema atamaliza."

Nikageuka na mwiko mkononi. "Mama yangu si ubao wa darasani! Amekufa, Ndanu! Unataka nimfunue nikuchukulie kazi ya chuo?"

"Si kazi ya chuo."

"Ni nini basi?"

"Alinianzia," akasema. "Hakunimalizia." Na hapo ndipo alipolia, akiwa amekaa juu ya mtungi wa maji, na mimi kwa hasira zangu nikaendelea kukaanga vitunguu mpaka vikaungua.

Kwetu wanaomvalisha mama ni binti zake na wanawake wa rika lake. Dada zangu walikuwa Mwingi wakitayarisha mazishi, kwa hivyo mochari tuliingia wawili, mimi na Syokimau, binamu yake mama. Wamelelewa boma moja, wamechota maji njia moja. Alikuwa amekuja na basi la usiku na bado ana baridi ya safari. Nilikuwa nimejiapiza sitatazama. Mhudumu akavuta shuka, nikashika kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na macho yangu yakaenda yenyewe.

Upande wa kushoto zilikuwepo. Safu tatu, vinundu vidogo vilivyofifia na kukunjamana na ngozi ya uzee, vikipinda mpaka kitovuni. Zilikuwa zile zile za tumbo la mwanangu. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Ilikuwa ngozi tupu, laini, ngozi ya mtu ambaye hajaguswa. Nikapitisha kitambaa, nikapitisha tena, nikifikiri labda ni mwanga.

"Cucu, hizi zingine ziko wapi?" nikamuuliza Syokimau. Hata neno la kumwita lilinipotea, nikatumia la Kikuyu, la majirani wa Kawangware.

Syokimau alikuwa akikunja soksi nyeupe. Hakuinua kichwa. "Hakuwahi kukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Yule mama aliyechanja alikuwa na desturi yake. Kushoto kwanza, ukipona ndipo anarudi kulia. Ilikuwa zamu ya Kavindu. Ndanu alikuwa bado mdogo, hakuwa wa mwaka ule. Lakini Kavindu aliogopa kwenda peke yake. Akamlilia mama yao, akalia siku kucha, mdogo wangu aje, tuchanjwe pamoja. Mama yao akachoka na kelele, akakubali." Alivuta soksi moja ikaingia mguuni. "Wakachanjwa. Kavindu akapona. Kidonda cha Ndanu kikaoza. Alikufa kabla ya mvua. Yule mama aliporudi kumaliza upande wa kulia, Kavindu alipanda juu ya ghala la nafaka na hakushuka mpaka mchanjaji alipoondoka. Hakuchanjwa tena. Hakuonyesha mtu tena."

Nikakumbuka ile Jumapili, kijiti kikisimama kitovuni, na mtu aliyeitwa Ndanu amesimama katikati ya magoti yake akimwambia, na huku? Woi, mama yangu. Miaka hiyo yote akifunga mlango kwa komeo, na sisi tukisema ni dini.

Tukamvalisha gauni lake la bluu na kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa. Kitambaa cha pili, kile cha siku za kawaida, nilikitia kwenye mkoba wangu.

Nilifika nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Nikamkuta Ndanu chumbani, mbele ya kioo. Aligeuka, na kabla sijafungua mdomo akapandisha blauzi.

"Usikasirike. Nilijua hutaangalia, kwa hivyo nimemalizia mwenyewe. Nimetumia kioo, nimegeuza zile za kushoto. Sasa pande zote mbili zinazo."

Upande wa kulia ulikuwa umechorwa. Alikesha na hina hiyo mwilini na ilikuwa imekolea, nyeusi karibu, safu tatu safi kabisa. Mkono wa mtoto wangu ni mzuri, Mungu ameubariki. Zile za Susu kando yake zilikuwa zimeanza kupauka.

Nikamwambia. Sikujua namna ya kulainisha, nikamwambia yote vile nilivyoambiwa, mpaka ghala la nafaka. Alisikiliza ameshikilia blauzi yake juu. Nilipomaliza aliingia bafuni. Nikasikia maji, nikasikia brashi ya viatu. Nilipousukuma mlango alikuwa amejisugua kwa ndimu na chumvi na sabuni ya kipande, upande wa kulia umekuwa mwekundu kama nyama, na nukta zote bado zipo.

"Haitoki, Mami! Haitoki!"

"Acha. Utajitoa ngozi."

"Nimechora kitu alichokataa. Alikikataa maisha yake yote!"

Nikamnyang'anya brashi, nikamkumbatia na povu lake, tukalowa wote wawili. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikumwambia hivyo, angenichukia. Nilimwambia tu Susu amemsamehe, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kama wafu husamehe mambo ya hina.

Tulimzika Mwingi, karibu na mamake. Kaburi la yule Ndanu mdogo hakuna aliyejua lilipo, hata Syokimau. Alituonyesha upande wa miiba na kusema, huko.

Tuliporudi Nairobi ilibaki wiki moja kabla ya maonyesho ya kazi zao. Kila asubuhi Ndanu alisimama kwenye kioo, na kila asubuhi za kushoto zilikuwa zimepungua. Hina ya kwanza ndiyo huondoka kwanza, hilo hata mimi nalielewa. Alichorwa na Susu kabla, akajichora mwenyewe baadaye. Zile za kweli zikawa zinaenda na zile za uongo zinabaki, zimekaa pale tumboni na weusi wake.

"Si uzirudie tu?" nikamwambia. "Mfuko wa Jasleen bado uko kwenye friji. Pitisha juu yake."

"Nikipitisha mimi, ni mkono wangu. Huo ulikuwa mkono wake, Mami."

Nikaenda kazini, nikamvuta mteja nywele mpaka akalia.

Maonyesho yalikuwa ghorofa ya juu ya jengo la zamani katikati ya mji, hatua chache kutoka River Road, unapanda ngazi huku ukisikia chini wanakata vyuma. Nilivaa nguo ya kanisani. Kulikuwa na kijana aliyejipaka madoa ya chui, na mwingine aliyejiandika majina ya mtaa mzima mgongoni. Jasleen alichora mikono ya mama zake wadogo watatu, na wenyewe walikuwa wamekaa pale kwenye viti, wanakula karanga. Watu walikuwa wamejaa kwao.

Mbele ya Ndanu hakukuwa na mtu. Alisimama kwenye pembe, tumbo wazi, na nilikuwa nimeshaapa sitasema neno kuhusu hilo tumbo. Upande wa kulia alikuwa ameufunika kwa kile kitambaa cha kichwa cha Susu, kile nilichotoka nacho mochari kwenye mkoba. Upande wa kushoto alikuwa ameuacha. Ukisogea sana ungeona labda vivuli viwili vitatu vya njano. Ukisimama mbali, hakuna.

Mwalimu Lenox alifika na daftari lake. Kijana mpole, ndevu kidogo. Akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ndanu, naona kitambaa. Kazi iko wapi?"

"Ilikuwa hapa," Ndanu akasema, akajigusa kushoto. Alitaka kuendelea, maneno hayaji. Watu wawili nyuma yake wakatazamana, na mmoja akatabasamu.

Nani alinisukuma sijui. Niliwapita, nikaweka kidole chini ya ziwa la kushoto la mwanangu, juu ya ngozi tupu.

"Imeanzia hapa," nikasema. "Ni safu tatu. Hii ya juu inashuka hivi, inapinda. Hapa nukta zinakaribiana, kwa sababu mtoto alishtuka mkono wa mchanjaji ukaruka. Ya pili inafuata. Ya tatu ni fupi." Sikuwa nimejua kwamba nazikumbuka. Zile za mama mwenyewe niliziona mara moja tu, na kitambaa cha maji mkononi, nami nimeapa sitatazama. Kidole kilishuka chenyewe, nukta kwa nukta, na Ndanu akafumba macho. Nikafika kitovuni, nikasimama.

"Halafu?" mwalimu akauliza, kalamu iko tayari.

"Halafu Ndanu akafa," nikasema.

Wote wakamtazama binti yangu. Niliacha kidole pale pale, na tumbo lake likawa linapanda na kushuka chini yake.